Ndege Waliotiwa Mstari Shingoni

Juzi mjukuu wangu alinipeleka kunionyesha anapofanya kazi. Ni nyumba ya zamani hapa hapa Mji wa Kale, naijua tangu ina wenyewe na mbuzi uani. Siku hizi imepakwa chokaa ikawa nyeupe pe, wanalala wageni kutoka ng'ambo, na ukitaka kuingia lazima ubonyeze kidude mlangoni usubiri kufunguliwa. Mjukuu wangu hukaa pale mbele akawapa wageni funguo. Sikwenda kwa kupenda. Magoti yangu na ngazi hayapatani.

Nilipofika ukumbini nikasimama. Ukutani wametundika picha za ndege, zile za kizamani, karatasi nzito iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, ndege mmoja katika kila picha, amesimama juu ya tawi lisilo na mti, na chini yake maandishi madogo ya Kizungu.

"Nyanya, hizi ni za kale kweli," mjukuu wangu akaanza. "Wageni huzipiga picha kila siku."

Sikumsikiliza. Nilikuwa nimeshasogea karibu, nimepangusa miwani kwa ncha ya mtandio, nawaangalia shingo mmoja mmoja.

"Watafutani, Nyanya?"

"Sitafuti kitu."

Hazikuwa zenyewe. Shingo zao zilikuwa safi. Lakini sikutaka kukaa pale tena. Nikamwambia anirudishe nyumbani. Wewe jirani yangu umekaa nami miaka mingi na hujapata kunisikia nikiitaja habari hii. Basi jimiminie kahawa, nikueleze.

Babangu alikuwa fundi wa fremu. Mamangu alifariki mimi mdogo sana, nikabaki mikononi mwa nyanya, mamake baba, tukawa watatu. Duka lilikuwa chini, sisi tukikaa juu, na nyumba yote ilikuwa ya tajiri mmoja muuza vitambaa aliyekaa ng'ambo ya pili ya kichochoro. Babangu alitia fremu aya, vioo vya maharusi, picha za watu waliokwenda kuhiji. Ukiingia mle dukani wakutana na harufu ya vanishi na ya gundi ya unga wa ngano iliyochemshwa, na wasikia almasi yake ikipita juu ya kioo, mlio mwembamba wa kutia meno ganzi. Kisha tak, kioo chakatika sawasawa. Hakuwa mtu wa kurudia mara mbili. Mimi asubuhi nilikwenda chuoni kwa mwalimu wa Kurani, mchana nikirudi nikikuna nazi, nikipeta mchele, nikimpelekea baba mahamri na mbaazi chini. Shule ya serikali nilionjeshwa tu, nikatolewa.

Nyanya alikuwa mwanamke wa maneno machache. Hakunipiga hata siku moja, na hakuhitaji. Akikwambia kaa, unakaa. Mtaani alijulikana kwa kuandika makombe. Mtu akiugua, nyanya alilowesha zafarani katika marashi, akachonga kalamu ya ubua, akaandika aya ndani ya sahani nyeupe. Sahani ikisuuzwa kwa maji, wino wote unatoka, mgonjwa anakunywa. Wino ule kazi yake ni kuoshwa. Hilo ndilo lililotuponza.

Siku moja ya masika tajiri alimleta dukani bibi wa Kizungu, mjane. Alizaliwa huku huku akalelewa na yaya wa Kimvita, na ukifumba macho akizungumza hujui kuwa si wa hapa. Alikuwa anahama. Mumewe amekufa, mwanawe yuko Ulaya, yeye atapanda meli amfuate. Alikuwa na mkoba mkubwa bapa, na ndani yake picha sita za ndege zilizokuwa za mumewe. Alizitaka ziingizwe kwenye fremu imara zitakazostahimili safari.

Tajiri akaweka mkono kifuani. "Bibi, mji wote huu, wa kumwamini na kitu kama hiki ni huyu bwana peke yake. Mimi namdhamini."

Babangu alikwenda kunawa mikono akaifuta mpaka ikakauka, akaniita na mimi ninawe nije nione. Alikuwapo hondohondo na domo lake kubwa, korongo, chozi mdogo kama kidole, na wengine sikuwajua. Lakini aliyekushika macho alikuwa mdiria, yule ndege anayepiga mbizi kutafuta samaki. Buluu yake sijaiona tena kwenye nguo wala kwenye bahari. Yule bibi alimshika kwa ncha za vidole.

"Huyu ndiye ambaye mume wangu alikuwa akimtazama alipokuwa mgonjwa," akasema. "Alitaka awe mbele ya kitanda."

Akatueleza zilivyotengenezwa. Palikuwa na bwana aliyewachora, jina lake limeandikwa kwa herufi ndogo kushoto. Fundi mwingine akaichonga ile michoro juu ya bamba la shaba, jina lake liko kulia. Bamba likipakwa wino, karatasi inakandamizwa juu yake, unapata mistari mitupu. Rangi zilitiwa kwa mkono, na wanawake na watoto waliopangwa mezani, huyu ana buluu, yule ana nyekundu, karatasi zapita mbele yao kutwa. Ndege wenyewe hawakupata kuwaona.

"Na wao majina yao yako wapi?" nikauliza.

"Hawakuandikwa," akasema.

Nikainama nikatazama vizuri. Kwenye mguu wa hondohondo manjano ilikuwa imeruka nje ya mstari kidogo. Nikajisemea, huyu alikuwa mtoto kama mimi, na alikuwa na usingizi.

Babangu aliuliza jambo moja tu. "Rangi ya mafuta, bibi, au ya maji?"

"Ya maji. Hata jasho la kidole linaitoa."

Wakakubaliana atazifuata Jumamosi, na akaenda zake.

Mvua ikaanza kunyesha ile ya kutoacha. Siku ya pili ukuta wa duka ukawa unatoa jasho, na juu ya meza ya kazi pakaanza kudondoka maji, tone, tone. Babangu akakimbia na picha zake juu. Chumba pekee kilichokuwa kikavu nyumba nzima ni cha nyanya, alikokuwa akisali. Akaziweka juu ya mbao nyembamba, kila picha na ubao wake, nyingine juu ya kitanda, nyingine juu ya sanduku lake la nguo.

Nyanya alikuwa amesimama mlangoni. "Na mimi nisali wapi?"

"Ni siku mbili tatu tu, Mama."

"Wote wana mato. Waniangalia."

"Ni karatasi, Mama."

"Karatasi haina mato. Basi nitawafunika leso."

"Usiwafunike, Mama. Leso itaingia unyevu."

"Nitawageuza wainame."

"Usiwageuze, nakuomba. Kama nilivyowaweka, waache."

"Haya," akasema nyanya. Na nyanya akisema haya kwa sauti ile, ujue jambo halijakwisha.

Alhamisi ilikuwa siku ya hitima ya babu. Kila mwaka wanawake wa mtaa walikuja baada ya alasiri wakaketi chumbani kwa nyanya wakasoma, na hakuna mvua iliyopata kuwazuia. Asubuhi ile babangu alikwenda Majengo kwa seremala mwenziwe kutafuta mbao za mvule zilizokauka. Mimi nikatumwa sokoni kununua nazi na iliki. Nilirudi nimerowa mpaka mifupani, nikapanda ngazi, nikamkuta nyanya ameketi juu ya mswala, kalamu ya ubua mkononi, anaifuta kwa kitambaa. Kikombe cha zafarani kilikuwa karibu na goti lake.

Nikatazama kitandani. Hondohondo alikuwa na mstari shingoni. Mwembamba, umenyooka, rangi ya machungwa. Korongo naye. Chozi naye, mstari wa unywele. Mdiria wa bibi naye.

Wajua wewe maana yake. Hata chuoni mwalimu alitufundisha hivyo. Ukipata kitabu chenye picha ya mtu au mnyama, mpitishie mstari shingoni, kichwa kikatike na mwili, asihesabiwe kuwa ni kitu chenye roho. Hapo unaweza kukaa naye nyumba moja na sala yako ikawa salama.

"Nyanya, ndege!"

"Wamekwisha," akasema. "Sikuwafunika wala sikuwageuza. Babako nimemtii. Watu waje wasome mbele ya viumbe vinavyowatumbulia mato? Ni zafarani hiyo, haina ukaidi. Kesho atachukua pamba na maji awafute, awe nao kama walivyokuwa."

Nikamwambia, "Nyanya, na wao rangi yao ni ya maji."

Mkono uliokuwa ukifuta kalamu ukasimama. Hakuniuliza mara ya pili. Akatazama kitandani. Hapo hapo chini pakapigwa hodi, na sauti za wanawake zikaanza kupanda ngazi na harufu ya udi.

Siku ile hitima niliiona ndefu kama safari. Wanawake walijipanga ukutani, wameshikamana mabega, mvua inapiga mabati ya jirani mpaka wakawa wanasoma kwa sauti ya juu. Mimi nagawa kahawa na kaimati, kila nikiinama nawaona ndege. Jirani yetu mmoja, mwanamke wa mzaha, hakuweza kujizuia.

"Bi mkubwa, leo umetuchinjia kuku wa Kizungu! Bismillahi ulisema?"

Wakacheka. Nyanya hakucheka. "Nilisema," akajibu. "Endelea na juzuu yako." Jirani akateremsha macho.

Walipoondoka wote nyanya hakuondoka pale mswalani. Nikasikia babangu akiingia chini, akitua mbao, akipanda. Alikuwa na furaha, amepata mbao nzuri.

"Mwanangu," nyanya akasema kabla hajavuka kizingiti, "kaa kwanza."

"Nimerowa, Mama, niache nibadilishe."

"Kaa kabla hujaingia."

Akaketi pale pale mlangoni, juu ya ngazi ya mwisho, na nyanya akamwambia. Hakuzunguka. Alisema alichofanya, na kwa nini, na kwamba mtoto amemwambia habari ya rangi ya maji baada ya mistari kutiwa. Babangu akainuka akaingia. Akainama juu ya kila picha mikono nyuma, kama mtu anayetazama maiti. Akafika kwa mdiria akakaa hapo.

Nilingoja apige kelele. Wanaume wa mtaa wetu walipiga kelele kwa jambo dogo kuliko hilo. Yeye alisema kwa sauti ya chini, "Mama, leo umenivunja mkono." Akatoka. Usiku ule alikula peke yake dukani.

Kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, alinawa mikono, akaleta pamba na kibakuli cha maji. Labda zafarani itatangulia kutoka, alisema, kwa kuwa ni ngeni kwenye karatasi na buluu ni mwenyeji. Akaanza na mdiria. Hadi leo sijui kwa nini alianza na yule. Nadhani alitaka kumwokoa kwanza yule aliyekuwa na thamani zaidi. Akamgusa shingoni kwa pamba iliyolowa kidogo tu. Mstari ukalegea. Ukaanza kutoka. Nyanya mlangoni akavuta pumzi. Kisha ile buluu nayo ikaamka ikafuata pamba, na zafarani na buluu zikachanganyika zikawa kijani, na ile kijani ikateremka kifuani kwa ndege polepole, nasi watatu tukiitazama, hakuna wa kuizuia.

Babangu akainua mkono. Akaitua pamba kibakulini. Hakugusa picha nyingine.

Alasiri tajiri akaja kutazama kazi. Babangu angeweza kumwambia bado, njoo kesho. Hakufanya hivyo. Alimleta juu akamwonyesha. Tajiri alisimama pale, mwavuli unamdondokea miguuni.

"Hii nini? Nani kafanya?"

"Kazi ni yangu," babangu akasema. "Imeharibika mkononi mwangu."

"Mimi nimeweka mkono hapa," tajiri akajipiga kifua, "mbele ya yule bibi. Nimemwambia huyu ndiye mtu. Sikia, bwana. Hatujakosana mimi nawe. Lakini kesho yule bibi akitoka hapa analia, funguo zangu nazitaka. Za chini na za juu."

Akashuka. Alikuwa mtu wa haki, wala hakuwa mkatili, na ndiyo maana tulijua amesema kweli. Nilimtazama babangu, nikatazama chumba, zidaka za ukutani za kuwekea vyombo, kitanda nilichozaliwa juu yake, nikajaribu kufikiri watu huhamia wapi. Mtu akifukuzwa namna ile hapewi mlango mwingine mtaa ule ule.

Jioni nyanya akasema, "Kesho nitashuka nizungumze na huyo bibi."

"Hushuki, Mama." Nyanya katika maisha yake hakuwahi kusimama dukani wakiwapo wanaume wageni. Alikuwa akituma kikapu kwa kamba kutoka dirishani. "Nitasema nilimwaga rangi ya kazi," babangu akaendelea. "Ni mimi."

"Utasema uwongo?"

"Nitasema ni mimi, basi. Mtu hamweki mamake mbele ya watu wamuulize kwa nini."

 Nyanya alichukua tasbihi yake akageukia ukuta.

Jumamosi mvua ilikuwa imekatika. Kichochoro kilinuka tope na samaki, muuza kahawa anapita na vikombe vyake vinalia mkononi. Bibi wa Kizungu alikuja na tajiri. Babangu alikuwa ameshazishusha picha, amezipanga mezani wazi, bila kuficha hata moja, mdiria mwisho. Mimi nilikaa kwenye ngazi, ninakoona duka lote.

Yule bibi alivaa miwani. Alipita moja mpaka nyingine. Alipofika kwa mdiria aliishika meza.

"Nani?" akauliza.

"Mimi, bibi," babangu akasema. "Kosa ni langu. Yote."

"Umewatia mistari shingoni? Wewe fundi? Kwa nini?"

Babangu akafungua kinywa, na hapo nikasikia nguo ikipita nyuma yangu. Nyanya alikuwa akishuka, amejifunika buibui mpaka machoni. Akaniwekea mkono begani ili nimpishe, mkono baridi, akaingia dukani, akasimama katikati ya wanaume.

"Bibi, mwanangu asema uwongo," akasema. "Aliyewatia mistari ni mimi."

"Mama, rudi juu," babangu akasema.

"Sirudi."

"Bibi, usimsikilize. Duka ni langu, kazi nimeipokea mimi, mimi ndiye niliyezipeleka juu."

"Yeye alinikataza nisiwafunike wala nisiwageuze. Sikuwafunika, wala sikuwageuza. Mstari nimeutia kwa fikira yangu mwenyewe."

"Na huyu mdiria nimemuosha mimi. Hilo hawezi kulikana."

"Amemuosha kwa ajili ya mstari wangu. Kama si mimi, angemuosha nini?"

"Mama!"

"Nyamaza. Siku zote nimekulea, nyamaza kidogo leo."

Tajiri alikuwa akiangalia chini. Yule bibi aliwatazama mmoja baada ya mwingine, kisha akaketi juu ya kreti ya vioo.

"Lakini kwa nini shingoni?" akamuuliza nyanya.

"Mahali pa kusali hapakai kitu chenye roho. Wanawake walikuwa wanakuja kusoma. Nikawakata roho."

Yule bibi akawatazama wale ndege. Halafu akasema, "Mama, hawa walikuwa wamekufa zamani. Mume wangu alinieleza. Kila mmoja alipigwa risasi kwanza. Akatolewa matumbo, akajazwa pamba, akasimamishwa kwa waya juu ya meza. Ndipo yule bwana akakaa akamchora."

Nyanya akasogea mezani. Ilikuwa mara ya kwanza kuwatazama kwa karibu bila kuwakasirikia. "Na haya mato?"

"Aliyatia mwenyewe. Maiti hana macho kama hayo."

"Basi mwenye kuwapa roho ni huyu bwana wa kuchora."

"Ndiyo."

"Basi mstari wangu nimeutia panapostahili," nyanya akasema. Babangu alifumba macho, na mimi pale ngazini nikaona tumekwisha. Lakini nyanya hakuwa amemaliza. "Ila picha ni zako, na sikukuomba ruhusa. Mume wako alikuwa akimtazama huyu wa buluu, nimeambiwa. Hilo ndilo lililoninyima usingizi, si mengine. Kwa hilo nimeshuka. Nakuomba radhi. Mwanangu akitolewa nyumba, ametolewa asiyehusika."

Hapo ndipo yule bibi alipolia. Hakulia kwa sauti. Machozi yalitoka chini ya miwani, na aliyaacha. Nikamwangalia tajiri. Babangu naye alikuwa amemwangalia. Akapeleka mkono kiunoni, akafungua kikamba cha funguo, za chini na za juu, akazinyoosha mbele ya tajiri. 

Tajiri hakuzipokea. Hakuzikataa pia. Zikabaki hewani baina yao.

"Zitie fremu," yule bibi akasema. Alikuwa hamtazami mtu. "Hao watano, kama walivyo. Na kioo kizuri."

"Na huyu?" babangu akauliza.

"Huyu nitamchukua hivi hivi." Akamwinua mdiria mwenyewe, kwa ncha za vidole, akamweka kwenye mkoba, akafunga. "Huyu ameniuma. Sitawaambia kwamba hakuniuma."

Akasimama. Alipompita nyanya alisita, na nyanya akamwinamishia kichwa, wala hawakupeana mkono. Nikasikia viatu vyake vikienda kichochoroni.

Tajiri akatazama zile funguo. Akamtazama nyanya, aliyesimama pale dukani mahali ambapo hajapata kusimama, amejishika buibui kidevuni. "Bibi ameagiza kazi," akasema hatimaye. "Kazi haijakwisha. Fundi bila funguo atafanyia wapi?" Akatoka, na tangu siku ile hakumdhamini babangu tena kwa mteja mwingine, wala hakudai funguo.

Babangu alizitia fremu zile picha tano kwa mvule wa Majengo, pembe zimekutana usipitishe hata kucha. Hakulala sawasawa mpaka alipozipeleka kwa mwenyewe. Nyanya alirudi juu siku ile ile, akapika wali wa nazi na samaki wa kupaka, akamwita babangu, akamtengea sinia mbele yake na kuketi naye. Walikula sinia moja. Hawakulizungumza neno hilo tena mpaka wanakufa, nami sikuthubutu.

Wote wamekwenda. Duka lile leo lauza vifuniko vya simu, na mafundi wa fremu ukiwatafuta mji huu utachoka. Hilo halinisumbui, vitu huja vikaenda. Mimi nimekuwa mtu mzima, nimekaa katika mabaraza ya kesi za ndoa na za mipaka, nimeona vyombo vikivunjika na nyumba zikivunjika, na kila panapovunjika kitu nasikia sauti ile ile: si mimi, si mimi, muulize yule. Hata wajukuu wangu wadogo wanaijua kabla ya kujua kuhesabu. Nikisikia hivyo hulisikiliza lile duka la harufu ya gundi, babangu na mamake, watu wawili wakigombea kosa moja kama wengine wanavyogombea shamba la urithi, na kila mmoja alitaka lote liwe lake.